ALIANZA KWA KUCHEKA

Kijana, hata kama hujaokoka, soma tu. Karatasi haiumi.

Umeiona ile sinema ya Iddi Amin ya mwaka 2006, aliyoigiza Forest Whitaker mpaka akapewa tuzo ya Oscar? Mwanzoni Amin anacheza ngoma na wananchi, anatania, banda zima la video linacheka naye. Baadaye anaona wauaji kila kona. Vijana mnasema, "Jamaa kachizika." Sawa, kachizika lini?

Simsemi mgonjwa wa akili. Huyo ni ndugu yetu, apelekwe hospitali, asitupiwe mawe. Hapa ni jambo jingine. Kumbuka Amin alipokwisha kuwafukuza Wahindi, mwaka 1972. Kwenye sinema daktari wake anamwambia, mimi nilikukataza. Amin anamgeuzia kibao: ulinikataza, lakini hukunishawishi! Umeona hapo? Kosa ni lake, mzigo anambebesha mwingine. Mimi nasema kichaa ni hicho.

Daktari yule ni wa kutunga. Moyo ule si wa kutunga. Amin mwenyewe alijiita Mshindi wa Dola ya Uingereza. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyepinga mauaji, akauawa. Ukishamwondoa anayekuonya, unabaki na wapiga makofi.

Oktoba 1978 kichaa hicho kikavuka mpaka, kikaja kwetu Kagera. Waulize wazee wa Kyaka habari za daraja lao. Ukipita Kaboya, hapa Muleba, simama kidogo: wamelala pale askari wetu wa vita vile. Wazee hawakusema "kachizika." Walimwita nduli!

Mfalme Nebukadneza naye alijisifia mji wake, akili ikamtoka, akala majani kama ng'ombe (Danieli 4). Lakini aliinua macho juu mbinguni, na akili ikamrudia. Amin alikimbia Aprili 1979, akafa Jeddah mwaka 2003. Miaka 24 ya kuinua macho alikuwa nayo. Kama aliinua, Mungu ndiye ajuaye.

Na wewe? Mama alikuonya juu ya gongo na lile kundi la usiku. Ulimjibuje? Ulicheka?

Leo jioni hapa uwanjani tutaita watu waje mbele kuombewa. Toka ulipo, uje. Ukiona aibu, mshike rafiki yako mkono mje wawili.