YA KAISARI, YA MUNGU, NA DENI LA WATOTO WETU

 

Leo tunataka kuwaletea ulizo moja lililotusumbua sisi mashemasi. Siku moja ya Bwana, baada ya ibada, ndugu mmoja mfanyabiashara alibaki nyuma. Yeye huleta vitu kutoka Arua, ng'ambo ya mpaka, na kuviuza hapa sokoni Ariwara. Alitoa sehemu yake ya kumi ikiwa imefungwa katika kitambaa, akasema: "Baba shemasi, feza hii ni ya safari ya juzi. Safari hiyo sikupita duane. Nilipita porini usiku. Mungu alinilinda, nikapata faida nzuri. Ninakuja kushukuru."

Tulitazamana. Mmoja wetu alisema tuipokee, kwa maana Leta haimlishi mtu. Mwingine alisema hapana, feza hii imeibwa. Tulibishana mpaka jua likashuka. Basi ulizo ni hili: Mkristo anayelipa kodi na haoni barabara, haoni dawa, wala mwalimu mwenye mshahara, je, akikwepa kodi hiyo ametenda zambi?

Wengi watajibu haraka kwamba Bwana alisema ya Kaisari apewe Kaisari, na kwamba mtume Paulo aliandika vilevile katika Waroma 13. Ni kweli. Lakini ndugu yetu anayajua maneno hayo. Jibu lake ni hili: "Nikilipa, barabara ni mbaya. Nisipolipa, barabara ni mbaya. Kwa nini nilipe?" Neno hili lina uzito, tusilidharau.

Kwanza, tutofautishe kodi na unyang'anyi. Sisi watu wa Ariwara tulifundishwa tofauti hiyo kwa machozi. Kati ya mwaka 2003 na 2005 kundi la silaha la FAPC, la Jérôme Kakwavu, lilishika Aru na Ariwara, na feza ya duane ilikuwa mikononi mwao. Mtu alilipa, na alichokilipa kilikuwa chakula cha bunduki. Ile haikuwa kodi, ilikuwa bei ya kuachwa hai. Kodi ni kile ambacho sheria imekiandika, kinacholipwa kwa risiti, kinachoingia katika sanduku la wote. Anachokiomba mtu wa barieri kwa ajili ya mfuko wake si kodi. Katika Luka 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kutoza zaidi ya kile kilichowekwa. Kumbe kuna kiasi kilicho cha haki, na kuna ziada iliyo zambi. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 65, inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mkongomani. Haisemi kwamba rushwa ni wajibu.

Pili, tuangalie mambo matatu yanayokwenda pamoja: kodi inayoingia, kazi inayofanyika kwa ajili ya watu, na deni. Ukiongeza kazi bila kuongeza kodi, utaingia katika deni. Ukipunguza kodi na ukakataa deni, kazi itakufa. Hakuna serikali inayoweza kukwepa hesabu hiyo, na hakuna nyumba inayoweza kuikwepa.

Chukueni mfano wa masomo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio waliowabeba. Kila mwezi tulitoa feza, na mtoto ambaye baba yake hakuwa nayo alifukuzwa darasani. Kifungu cha 43 cha Katiba kiliahidi masomo ya msingi bila malipo, lakini tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo ahadi hiyo ikaanza kutimizwa chini ya Rais Tshisekedi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Watoto wengi waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani.

Lakini tazameni yaliyofuata. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa chini. Walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara, na ile feza ya wazazi ilikuwa imekatwa. Walimu waligoma. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dolari milioni 800 ili kusaidia masomo hayo. Basi je, masomo yalikuwa bure? Hapana, wapendwa. Bure maana yake ni kwamba mtu mwingine analipa. Kama kodi hailipi, atalipa mwalimu anayefundisha na njaa. Kama si mwalimu, atalipa mtoto anayemaliza mwaka bila kujua kusoma. Kama si mtoto, atalipa mjukuu ambaye hajazaliwa, kwa njia ya deni.

Deni lenyewe si zambi. Katika 2 Wafalme 4 mjane wa mmoja wa wana wa manabii alikuwa na deni, na aliyemdai alitaka kuwachukua watoto wake wawili kuwa watumwa. Mungu hakumkemea mjane. Alimpa mafuta, naye akaambiwa ayauze, alipe kwanza deni, kisha aishi na watoto wake kwa kilichobaki. Lakini oneni: deni lilikuwa linawatafuta watoto! Ndivyo lilivyo siku zote.

Nchi yetu inajua jambo hili. Wakati wa Mobutu nchi ilikopa sana. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, deni halikuanguka pamoja nayo. Sehemu ya feza ilijenga waya mkubwa wa umeme kutoka Inga mpaka Shaba, uliomalizika mwaka 1982. Waya huo unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupewa taa hata moja. Tena feza nyingine ililiwa. Mobutu aliondoka 1997, deni likabaki. Ilipofika Julai 2010 ndipo wakopeshaji walikubali kutufutia zaidi ya dolari miliari 12. Watu waliozaliwa baada ya mkopo walikuwa tayari wamekuwa watu wazima.

Hapa kanisani tumeonja yote mawili. Tuliwahi kukopa kwa ajili ya mabati, na tukalipa kidogo kidogo kila mavuno. Leo mvua ikinyesha tunaomba bila kulowa. Tena tuliwahi kukopa kwa ajili ya karamu ya wageni. Chakula kiliisha siku tatu, deni likatufuata mwaka mzima. Mkopo unaojenga kitu kitakachowahudumia watoto, watoto wanaweza kusaidia kuulipa bila kutulaani. Mkopo unaoliwa leo ni kula sahani ya mtoto akiwa amelala.

Watawala nao wasikie. Katika 1 Wafalme 12 watu walimwomba Rehoboamu awapunguzie mzigo, yeye akaufanya mzito zaidi, ufalme ukapasuka. Haya si mambo ya zamani tu. Mwezi Juni 2024, Kenya yenye deni kubwa ilileta mswada wa kodi mpya. Vijana waliingia barabarani, na tarehe 25 wengine waliuawa. Kesho yake Rais Ruto alisema hatautia sahihi. Hapa kwetu, ile kodi ya simu iliyoitwa RAM ilianza mwaka 2020, ikakata feza katika simu za watu bila wao kuona inafanya nini, na kwa sababu ya malalamiko iliondolewa mwaka 2022. Watu wanaweza kubeba mzigo. Mzigo usio na hesabu ndio unaowachosha.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Tulimwuliza: "Usiku ule ulipopita porini, ni nani aliyelipa badala yako?" Alisema hakuna. Tukamwambia: "Yuko. Ni mama anayeuza nyanya sokoni. Yeye hawezi kupita porini, tikiti ya soko anailipa kila asubuhi. Na yuko mwalimu wa mtoto wako, anayengoja mshahara." Magendo hayamwibii yule mtu wa barieri anayetuchukiza. Yanamwongezea mzigo yule aliye mnyonge kuliko sisi. Hapo ndipo tulipoona zambi ilipo. Tulimrudishia kitambaa chake, tukamwomba aende duane, alipe kile cha sheria na kuomba risiti, akatae kile kisicho cha sheria, kisha alete sehemu ya kumi ya kinachobaki.

Ndugu yetu alikasirika. Akasema: "Ninyi mnataka niombe hesabu kwa Leta. Na sanduku la kanisa, mlisoma hesabu yake lini?"

Tulinyamaza. Ilikuwa tangu Pasaka. Hatukuwa tumeiba hata franka moja, lakini waamini hawakuwa na njia ya kujua hivyo. Tulimwomba msamaha. Tangu siku hiyo hesabu ya sanduku inasomwa kila mwezi mbele ya wote: iliyoingia, iliyotoka, na tunayodaiwa. Mwezi wa kwanza kuna waliouliza maulizo makali. Mwezi wa pili sadaka iliongezeka.

Hilo likatufundisha sehemu iliyobaki ya jibu. Kulipa ni nusu ya wajibu. Nusu nyingine ni kuuliza. Katiba, katika kifungu cha 175, inasema majimbo yapate sehemu ya 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na majimbo yamelia kwa miaka mingi kwamba haifiki yote. Anayelipa na risiti mkononi anaweza kuuliza kwa sauti kubwa sehemu hiyo iko wapi. Aliyepita porini usiku atauliza kwa mdomo gani?

Kwa hiyo, wapendwa, tuwaombee watawala, tuwalipe kilicho haki, tuwaulize bila woga na bila matusi. Nasi wenye funguo za sanduku lolote, la kanisa, la soko au la chama cha akiba, tulifungue mbele ya watu kabla hawajatuomba.

Ndugu yetu amerudi katika ibada. Risiti yake alituonyesha wiki iliyopita. Alisema alikawia saa nne duane kwa sababu alikataa kutoa ya mfuko. Tumwombee, na tumwige.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.