Damu Inaanza, Upendo Unaendelea



Kijana mwenzangu, juzi baada ya jumuiya rafiki yangu alinibana: "Biolojia inasema upendo ni vinasaba tu. Tunasaidia ndugu ili damu yetu iendelee. Sasa Mungu anaingia wapi?"

Tuanzie hapahapa Mara. Ukitoka Musoma kwenda Mwanza, ukishapita Bunda mjini utafika geti la Ndabaka, mlango wa kuingilia Serengeti. Humo simba jike walio ndugu hulea watoto pamoja, hata kunyonyesheana. Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alieleza jambo hili kwa hesabu: anayemsaidia ndugu anaendeleza vinasaba ambavyo wote wawili wanavyo. Sawa kabisa. Kanisa haliogopi sayansi hiyo.

Lakini madume wageni wakiteka kundi, mara nyingi huua watoto wachanga waliowakuta. Asili ni ileile, imetoa maziwa na imetoa meno. Kwa hiyo asili inaweza kutuonyesha wema ulianzia wapi. Haituambii uishie wapi.

Sasa twende Butiama. Kuna nyumba salama inayopokea mabinti wanaokimbia kukeketwa. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, ila likizo ya Desemba ikifika, wengine bado wanakimbia. Na wanamkimbia nani? Ndugu wa damu! Anayewafungulia mlango ni mtu baki.

Utasema, labda huyo naye anasukumwa na silika ya mama. Inawezekana, na hakuna ubaya. Neema haifuti maumbile, huyakamilisha. Ila hata anayesema "usituaibishe ukoo" anasukumwa na damu. Ili tujue yupi yuko sahihi, tunahitaji kipimo kilicho juu ya damu: kila mtu ni sura ya Mungu.

Ndiyo maana katika Luka 10 Yesu anaugeuza ule mjadala wa nani ni jirani yangu. Anauliza ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyejeruhiwa. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alilichukua neno la nyumbani, ujamaa, akataka liwafikie watu wote.

Basi jiulize leo, kabla ya Desemba: binti akigonga mlango wenu usiku, akiwakimbia shangazi zako mwenyewe, utasimama upande wa nani?

Ee Yesu, panua mioyo yetu ipite mipaka ya ukoo. Amina.