Nyumba Ndani ya Jani

Mkaratusi ni mgeni katika nchi ya Mpanda. Asili yake ni Australia, na mkulima wa tumbaku huupanda apate kuni za bani, maana tumbaku ya mvuke haikauki pasipo moto, na moto ukikosa mkaratusi hula miombo.

Mgeni huyu naye amefuatwa na adui wa kwao. Ni nyigu mdogo wa rangi ya hudhurungi, urefu wake wapita milimita 1 kwa kidogo tu, na wataalamu humwita Leptocybe invasa. Alionekana Mashariki ya Kati mwaka 2000. Mwaka 2002 alikwisha kufika Kenya na Uganda, kisha akaingia Tanzania. Jina alipewa mwaka 2004, madhara yake yakiwa yametangulia.

Jike hutoboa mshipa wa kati wa jani changa, au kikonyo chake, akatia mayai. Baada ya hayo hana kazi. Hajengi chochote. Mti ndio ujengao: chembe zake huongezeka kupita kiasi, mshipa huvimba, na ndani ya uvimbe hufanyika chumba kilichofungwa, chenye chakula cha mtoto asiye wake. Uvimbe huanza kijani, huwa mwekundu, mwisho hudhurungi. Kwa miezi minne au zaidi nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo akaenda zake. Jani hubaki limepindika, na mche mchanga huweza kudumaa.

Nani basi aliyeijenga nyumba ile? Atakayesema ni nyigu atakumbuka kuwa amri ilikuwa yake. Atakayesema ni mti ataonyesha kuwa hakuna chembe hata moja ya ukuta isiyokuwa ya mti. Kwa jani, swali hili ni mchezo wa akili. Kwa mtu si mchezo.

Mkulima hupewa mbolea na dawa kwa mkopo, na deni hukatwa katika mauzo. Hujenga bani kwa mikono yake, hukesha akichochea moto, na bei huambiwa. Msitu ukiisha, husemwa kuwa wakulima wameumaliza. Shoka lilikuwa lao, ni kweli. Lakini haja ya shoka ilipandwa na nani? Moyo wangu huelekea kumwachilia mkulima, na hapo ndipo ninapojitilia shaka. Nikimwondolea lawama yote nimemfanya jani, kitu kisicho na ulimi wa kukataa. Na sijui mkulima wa Mpanda ambaye angenishukuru kwa huruma ya namna hiyo. Afadhali aambiwe kuwa ana sehemu yake ya kosa, ndogo kuliko ya aliyemkopesha, lakini yake.

Jambo moja zaidi wataalamu wameliona. Mikaratusi haifanani. Iko ambayo nyigu huitoboa, akatia mayai kama kwingine kote, na uvimbe usitokee.