Kivuli Kimoja, Pembe Nne

Tarehe 27 au 28 Mei ya kila mwaka, saa 6:18 mchana, jua husimama utosini pa Kaaba. Saa ya Makka na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo aliye juu ya paa la ghorofa Kilimani, kati ya kamba za nguo, hana hesabu ya kufanya. Akisimamisha fimbo ya mita moja, wima kabisa, itaangusha kivuli cha sentimita 42 hivi, kielekeacho kusini na kuegemea magharibi kidogo. Akikipa kivuli mgongo, ameelekea kibla. Asipowahi, jua hurudi pale pale tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27.

Tuseme fimbo imesimamishwa kwenye mstari wa vigae. Kivuli kikichorwa kwa chaki, kisha chaki ikavutwa mbele hadi upande wa kibla, pale chini pana pembe nne. Pembe kati ya kivuli na vigae ikiwa nyuzi 70, ile inayotazamana nayo upande wa kibla ni 70 pia, na mbili za ubavuni ni 110 kila moja. Hakuna haja ya kupima tena. Zile zinazotazamana zina jirani mmoja, na kila moja ikijumlishwa na jirani huyo hutimiza mstari mnyoofu, nyuzi 180. Mwondoe jirani, zilizobaki haziwezi kutofautiana.

Jicho limepima pembe moja, akili imejua nne. Ujuzi huo wa tatu zilizobaki umetoka wapi?

Mwanahisabati Euclid alithibitisha usawa huu wa pembe zinazotazamana miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Lakini kwa mistari sambamba ilimbidi aombe kitu kikubaliwe bila uthibitisho, na hapo ndipo pana utamu. Omar Khayyam alijaribu kukithibitisha, na Nasir al-Din al-Tusi baada yake. Hawakufaulu. Mwaka 1829 Lobachevsky, akiwa Kazan nchini Urusi, alichapisha jiometria inayosimama bila kitu hicho.

Nairobi yenyewe inaonyesha shida ilipo. Anayeswali katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, na anayeswali Kangemi, kilomita 8 hivi upande wa magharibi, wote huelekea kaskazini, nyuzi 7 hivi kuelekea mashariki. Kwenye ramani ya jiji mistari yao ni kama reli mbili. Ikikatwa na mstari mmoja kutoka mjini hadi Kangemi, mwalimu atasema pembe zinazolingana ni sawa. Ila reli hizi hukutana, kilomita 2,500 hivi mbele, penye Kaaba. Pembe zile zinapishana kwa kiasi kisichofika robo ya digrii, chini ya nusu ya upana wa mwezi mpevu angani. Kwa fundi wa vigae hiyo si kitu. Kwa anayeuliza ukweli ni nini, ni kubwa mno: pembe zinazotazamana ni sawa hata juu ya tufe la dunia, bali usambamba ni ahadi ya karatasi bapa.

Mafakihi nao walifika karibu na hapa kwa njia yao. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Waswahili, humtaka aliye mbali aikusudie Kaaba yenyewe, kwa dhana yenye nguvu. Hanafi huona upande wake unatosha. Tofauti hii si ya uzembe na umakini. Pande zote mbili zilijua kuwa jicho la mwanadamu halifiki Makka, zikauliza anadaiwa nini anayekosea kwa nywele moja baada ya kujitahidi kwa dhati.

Juu ya paa, jua limeshasogea na fimbo imeondolewa. Umebaki mstari wa chaki ukikata vigae mshazari, na mswala unatandikwa juu yake, kichwa kikielekezwa upande ambao kivuli hakikugusa.