Kilicho Chini ya Miguu ya Dereva

Tarehe 28 Agosti 2009, huko Santee, California, nchini Marekani, watu wanne wa familia moja walikuwa safarini ndani ya Lexus ES 350. Gari halikuwa lao. La kwao lilikuwa gereji, nao wakaazimwa hilo walitumie kwa muda. Pedali ya mafuta ikakwama chini. Mwendo ukapanda hadi kupita kilomita 160 kwa saa, na mmoja wao akapiga simu ya dharura kusema breki hazishiki. Gari liligonga jingine kwenye makutano, likatoka barabarani, likawaka moto. Wote wanne walikufa. Dereva hakuwa mwanagenzi: alikuwa askari wa doria ya barabara kuu za jimbo hilo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kapeti la raba chini ya miguu yake lilikuwa la gari la aina nyingine, kubwa kuliko lilivyotakiwa, wala halikufungwa kwenye vishikizo vyake. Ndilo lililoibana pedali.

Linaloniuma zaidi ni kwamba gari lile lilikwisha kuonya. Siku chache kabla, mteja mwingine aliyeazimwa gari hilohilo alikwamiwa na pedali vilevile. Mungu akamsaidia, akalisimamisha, akaliondoa kapeti, na aliporudisha gari akawaeleza watu wa mapokezi. Taarifa ikaishia mezani. Nyuma zaidi, mwaka 2007, Toyota, ambao ndio watengenezaji wa Lexus, walishayaita makapeti 55,000 ya namna hiyo yarudishwe kwa hatari hiyohiyo. Ni baada ya vifo vile ndipo wamiliki wa magari milioni 3.8 walipoambiwa wayatoe makapeti. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yao.

Nakisimulia kisa hiki kwa madereva wenzangu wa Babati kwa sababu na sisi tuna kapeti lisilo la gari letu, tena juu yake tuna jambo jingine tusilolitazama: raba za pedali. Tunapima oili, tunagonga matairi, tunapanda na kuondoka. Nani kati yetu huinama kutazama pale mguu unapokanyaga? Mimi ninayeandika naweza kupitiwa kama wewe, maana mguu huzoea.

Raba haiishi siku moja. Kwanza mistari yake hufutika upande ambao kiatu hutua zaidi, na kwenye klachi mara nyingi ni ukingo mmoja tu. Kisha inang'aa na kuwa laini. Halafu pembe zinachanika, raba inaanza kucheza unapoikanyaga, na mwisho chuma kinachungulia. Wakati wote huo gari linakwenda, nasi tunasema bado ipo. Mvua zikinyesha, ukatoka shambani Galapo au Magugu na tope kwenye soli, kiatu kinateleza juu ya raba ile. Kikiteleza kwenye klachi, gari linaruka mbele hata kama kuna mtu anapita. Kikiteleza kwenye breki unaposhuka kutoka Dongobesh kwenda Dareda, huenda kikaangukia kwenye mafuta. Ukiona umeanza kukanyaga kwa kisigino, au unaurekebisha mguu mara mbili kabla breki haijashika, hiyo ndiyo dalili. Usiizoee.

Raba hizo zinasema jambo jingine pia kwa anayenunua gari lililotumika. Ukikuta mita inaonyesha kilomita chache huku raba ya breki imelika hadi kwenye chuma, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa fedha.

Kubadilisha hakuhitaji ufundi mkubwa, na spea yenyewe ni ya bei ndogo. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani ulinganishe, kwa kuwa iliyo kubwa kidogo itavuka. Futa pedali, ingiza ukingo mmoja wa raba mpya, kisha uvute mwingine upite juu ya chuma. Ikiwa ngumu, iloweke kwenye maji ya moto ilainike. Usipake oili wala grisi, maana utelezi huo utabaki pale unapokanyaga. Zungusha kidole pande zote nne uhakikishe imekaa. Kisha tazama kapeti: liwe la gari hilo, lifungwe, lisiwekwe juu ya jingine, na pedali ya mafuta ikandamizwe hadi mwisho bila kuligusa, injini ikiwa imezimwa.

Na siku mafuta yakikwama, sogeza gia hadi N, au kanyaga klachi kama ni gari la klachi, ukandamize breki kwa nguvu bila kuachia. Kuipigapiga breki wakati injini inavuta kunamaliza msaada wa busta, na pedali inakuwa ngumu.

Magari yetu mengi hapa mjini yana mwenye gari, dereva wa hesabu na dei waka. Anayeisikia raba ikicheza si yule mwenye fedha ya kuinunua. Dereva, ukilirudisha gari jioni, sema, na kesho usipakie abiria kabla hujajibiwa. Nawe mwenye gari, usimwambie amalizie wiki kwanza. Inama mwenyewe utazame, na asubuhi mtume dukani.