Asiyehimiza Naye Ataulizwa

Katika Sura Al-Maun Mwenyezi Mungu anamtaja mtu anayeikadhibisha dini: humsukuma yatima, wala hahimizi kulishwa maskini. Tazama vizuri. Lawama haikuishia kwa asiyetoa, bali imemfikia hata asiyehimiza. Kumbe mwenye mikono mitupu naye anao wajibu, maana ulimi anao.

Basi twende Haydom, wilayani Mbulu. Hospitali ile ya Walutheri ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, na hata leo inawahudumia Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe. Serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini mwaka 1993, iliagiza pia kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wasamehewe. Ni agizo jema. Lakini msamaha haujazi kabati la dawa. Dawa na dizeli ya jenereta hununuliwa kwa fedha, na hospitali ya dini hutegemea mkataba wake na halmashauri ili ifidiwe. Fidia isipofika, ama hospitali huelemewa na deni, ama mama wa Kibarabaig huuza mtamba wake wa mwisho.

Makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii mwaka 1992, na mojawapo ya kazi zake ni kuzisemea hospitali hizi mbele ya serikali. Wako Waislamu watakaouliza: "Yatuhusu nini sisi?" Swali hilo, nasema wazi, ni la aibu. Yatima wa sura ile hakutajwa dini yake. Sura An-Nisaa nayo humwahidi fungu kila aombeaye jambo jema. Tena katika Sahihi Muslim imepokewa Hadithi kwamba Siku ya Kiyama Mungu atamwuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipougua, kisha atamjulisha kuwa aliyeugua ni mja Wake fulani. Na tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, je, lilichagua nyumba ya nani?

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo imeweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Lakini asiye na uwezo hutambuliwa kwanza kijijini kwake, kwa afisa mtendaji. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda, umtaje mjane jirani yako kabla daftari halijafungwa.