Mwizi wa Karafuu Zake

Je, mtu anaweza kuiba mali yake mwenyewe?

Kwetu Pemba swali hili si la darasani tu. Mkulima wa Mtambwe akivuna muhogo wake atauza, atagawa, atapika, na hakuna wa kumuuliza. Akichuma karafuu, akazichambua makonyo na kuzianika zikakauka, sheria inamjua mnunuzi mmoja tu: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC. Akizipakia kwenye mashua usiku kuelekea Shimoni au Mombasa, jina lake linabadilika njiani. Hapo haitwi mkulima tena, anaitwa mfanya magendo.

Nilimuuliza mzee mmoja hapa Wete, ambaye namwita ami kwa ujirani tu, kama magendo ya karafuu ni dhambi.

“Dhambi ni kuchukua cha mtu, mwanangu,” alinijibu. “Mie nachukua cha nani?”

Jibu lake ni zito, na wengi wa rika langu wangelipigia makofi. Lakini neno “changu”, likisemwa chini ya mkarafuu, halikai sawa. Mkarafuu huishi miaka mingi kuliko mtu. Mashamba yalipopanuka visiwani katika karne ya 19, zama za Sayyid Said na wanawe, kazi kubwa ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, ndiyo maana kisiwa hiki kikawa mama wa zao hili. Utumwa ulifutwa kisheria 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Wako Wapemba waliopanda mikarafuu yao wenyewe na kurithishana, hilo ni kweli. Ila mara nyingi, ukifuata shina hadi kwa aliyelipanda, humkuti babu wa mkulima wala humkuti waziri. Unamkuta mtu ambaye hakulipwa kitu.

Kwa hiyo sidhani kwamba hoja ya ami inatosha. Wala ya serikali haitoshi. Serikali husema karafuu ni mali ya taifa: nchi ni ndogo, mazao ya kuuza nje ni machache, na bila fedha za kigeni hakuna dawa hospitalini. Hoja hii siidharau. Nyumba za Maendeleo zilizopo hapa Wete, yale maghorofa ambayo mgeni hushangaa kuyakuta Pemba, ni za enzi ambayo karafuu ndiyo iliyokuwa ikiilisha hazina, na elimu na matibabu yalitolewa bure. Mtoto wa mchumaji alisoma kwa sababu karafuu haikuuzwa kiholela.

Lakini mlango mmoja wa kuuzia haukuanza na Mapinduzi. 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji. Chama kilibeba jina la wakulima, huku kikiendeshwa na maofisa (mtindo ambao haujatuisha). Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, Congress ya India ikawaunga mkono kwa kususia karafuu za Zanzibar, na 1938 Waingereza wakakubali mapatano. Katika mvutano ule wote, aliyepanda juu ya mti hakuitwa mezani.

Indonesia nako, miaka ya 1990, biashara ya karafuu ilitiwa mkononi mwa shirika moja la mtoto wa Rais Suharto, na wakulima wakaumia hadi lilipovunjwa 1998 kwa shinikizo la IMF. Pale hakukuwa na hospitali ya kuisingizia. Mlango ulikuwa mmoja vilevile, ila fedha ziliingia mfukoni mwa mtu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta: anayemfungia mkulima milango mingine amejitwika deni, naye ahukumiwe kwa namna anavyolilipa.

Historia yetu hapo si nzuri. Katika miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, bei ya nje ikapanda, na sehemu kubwa ya bei ile ikabaki serikalini. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Kama mwenye ghala alichukua mwaka wa shibe kwa hoja kwamba anaweka akiba ya wote, basi mwaka wa njaa ndio ulikuwa wakati wa kulifungua. Mkulima hakufunguliwa. Mashamba mengi yaliachwa yakaota vichaka, na aliyeweza kuvuka bahari akavuka. Mtu yule wa miaka ile sithubutu kumwita mwizi.

Wa leo ni kesi nyingine. 2011 bei ya karafuu daraja la kwanza ilifika shilingi 15,000 kwa kilo, na sera ikawa kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa sera hii, anayepeleka gunia Shimoni kwa faida ya shilingi chache anakula shule ya mtoto wa jirani yake, na hili nilimwambia ami wazi. Hakufurahi.

Ila asilimia 80 ya kitu gani? Kituoni mkulima huonyeshwa daraja la karafuu zake na bei ya kilo. Kontena lile limeuzwa kwa nani na kwa kiasi gani, hiyo ni hesabu ya watu wengine. Anaombwa uaminifu kwa mapatano ambayo nusu yake haioni. Ningependa bei ya kuuzia nje ibandikwe palepale penye mizani, kila wiki ya msimu, kwa maandishi makubwa. Baada ya hapo tuzungumze kuhusu uzalendo.

Na bei ile ikibandikwa, isomwe na mchumaji pia. Yeye hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi alizochuma, kwa bei anayoipanga mwenye shamba, na ndiye anayevunjika mguu tawi likikatika. Sijamsikia mtu, wa serikali wala wa magendo, akisema karafuu ni za mchumaji.